Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing Kina Umri Gani?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Njoro. Binti yetu amehitimu shahada ya kwanza ya kilimo cha bustani na anajiandaa kuomba nafasi ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, nchini Uchina. Maelezo ya chuo hicho yanasema kwamba historia yake inaanzia mwaka 1902. Mjomba wake, ambaye si mtu wa kunyamaza, amesoma mahali pengine kwamba kilianzishwa 1952, na sasa anauliza kila siku mezani jinsi chuo kinachojiongezea miaka hamsini kitakavyoaminika kwa mambo mengine. Ukweli ni upi?
Mzazi, Njoro

JIBU: Mzazi mwenzetu, miaka yote miwili ni ya kweli. Mjomba hakukosea kuuliza; alikosea kuhukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili. Vyuo vikuu vikongwe vya Uchina havihesabu umri wao kwa cheti kimoja cha kuzaliwa, bali kwa nasaba: huulizwa walimu walitoka wapi, maktaba ilitoka wapi, mashamba ya majaribio yalikuwa ya nani, kisha nasaba hiyo hufuatwa nyuma hadi kwa babu wa mbali zaidi anayekubalika. Nanyi mnaoishi Njoro mna mfano mlangoni. Egerton ilianza 1939 kama shule ya wakulima chini ya Lord Maurice Egerton, ikawa chuo cha stashahada 1950, na ikapata hadhi ya chuo kikuu kamili 1987. Anayetaja 1939 na anayetaja 1987 hawapingani, kwa kuwa kila mmoja amejibu swali lake.

Ila nasaba ya Nanjing ina babu wawili, tena wasiofanana hata kidogo.

Babu wa kwanza ni dola. Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa kifalme wa Qing ulikuwa umeshindwa vitani mara kadhaa na ulikuwa umeanza kukubali, kwa shingo upande, kwamba elimu ya kukariri maandiko ya kale ili kufaulu mitihani ya kuajiriwa serikalini haingeuokoa. Mitihani hiyo, iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja, ilifutwa 1905. Kabla ya hapo, mwaka 1902, gavana mkuu Zhang Zhidong alikuwa ameweka mpango wa kufungua mjini Nanjing chuo cha ualimu cha Sanjiang, kilichokusudiwa kuyatumikia majimbo ya Jiangsu, Anhui na Jiangxi, na walimu wengine wakaajiriwa kutoka Japani. Ndani ya chuo hicho palikuwa na mkondo wa kilimo na elimuviumbe, na huo ndio uzi ambao chuo cha binti yako kinaushika kinapotaja 1902. Ni uzi mwembamba, sikatai. Lakini haukukatika: dola la kifalme liliporomoka, chuo kikafufuliwa 1915 kwa jina jingine, kikafungua masomo ya kilimo 1917, kikawa Chuo Kikuu cha Kusini-Mashariki 1921, na kufikia 1928 kilikuwa Chuo Kikuu cha Kati cha Taifa, kikiwa chini ya serikali ya Wazalendo iliyoifanya Nanjing kuwa mji mkuu. Kila mtawala aliyeingia alibadilisha kibao cha langoni, na walimu wakaendelea kufundisha.

Babu wa pili ni kanisa. Wamisionari wa Kimethodisti kutoka Marekani walifungua shule yao Nanjing mwaka 1888, na mwaka 1910 shule za madhehebu mbalimbali ziliungana kuwa Chuo Kikuu cha Jinling, Jinling likiwa jina la kale la mji wenyewe. Kilimo kiliingia humo kupitia mwalimu mmoja aitwaye Joseph Bailie, ambaye aliwaona wakimbizi wa njaa wakirundikana kando ya mji akaamua kuwapa kazi ya kulima na kupanda miti kwenye miteremko ya Mlima wa Zambarau. Katika kazi hiyo aligundua kwamba hapakuwa na watu waliofunzwa kuisimamia, na mwaka 1914 Jinling ikaanza kutoa shahada ya kilimo. Kwa maoni yangu mwaka huo wa 1914 una uzito kuliko 1902, kwa sababu hapo ndipo kilimo kiliposimama kama taaluma kamili yenye shahada yake, wala si kipande cha mafunzo ya ualimu. Chuo chenyewe hutaja yote mawili.

Jinling ndiko alikofundisha John Lossing Buck, Mmarekani mtaalamu wa uchumi wa kilimo, ambaye mkewe wa wakati huo, Pearl Buck, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1938. Buck alikuwa na hila moja nzuri: aliwatuma wanafunzi wake waende kwenye wilaya walikozaliwa, wakae na wakulima wanaosema lahaja yao, wapime mashamba na kuandika kila kilichopandwa, kilicholiwa na kilichouzwa. Kati ya 1929 na 1933 walipima mashamba 16,786 katika maeneo 168 ya majimbo 22, na matokeo yakachapishwa 1937. Hadi leo mwanahistoria anayetaka kujua mkulima wa Uchina aliishije kabla ya vita hurudi kwenye majedwali hayo. Katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1925 hadi 1931, wataalamu wa uzalishaji mbegu kutoka Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wakija Jinling kwa zamu kufundisha namna ya kulinganisha aina za mazao shambani kwa vipimo badala ya kwa macho.

Ndoa ya babu hawa wawili ilifungwa 1952, na hawakuulizwa. Serikali ya kikomunisti, iliyoshika madaraka 1949, ilipanga upya vyuo vyote vya nchi kwa mfano wa Muungano wa Kisovieti: vyuo vya wamisionari vilifutwa, na vyuo vikuu vyenye vitivo vya kila aina vikapasuliwa ili kila taaluma iwe na chuo chake. Kitivo cha kilimo cha kilichokuwa Chuo Kikuu cha Kati, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nanjing, kiliunganishwa na kitivo cha kilimo cha Jinling pamoja na baadhi ya idara za kilimo za Chuo Kikuu cha Zhejiang, kikazaliwa Chuo cha Kilimo cha Nanjing. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Jin Shanbao, bingwa wa ngano, nitakayemrudia hapa chini. Hadhi na jina la chuo kikuu vilikuja 1984. Basi mwambie mjomba kwamba 1952 ni mwaka ambao nyumba hii ilipata lango lake yenyewe. Watu waliomo walikuwa wakilima tangu zamani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Kisumu. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi kwamba wakati wa vita na Japani chuo hiki kilihamisha ng'ombe wake kwa miguu kutoka Nanjing hadi Chongqing. Mwanafunzi mmoja alisema hiyo ni hekaya ya kuwafurahisha watoto, na nikakosa la kumjibu. Je, nilidanganya darasa?
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Hukudanganya, Mwalimu, ila rekebisha jina la mwenye ng'ombe. Walikuwa mali ya shamba la Chuo Kikuu cha Kati, ambacho kitivo chake cha kilimo ndicho mzazi mmoja wa chuo tunachokizungumzia. Kisa chenyewe kimesimuliwa na Luo Jialun, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho wakati huo.

Ndege za Japani zilipoanza kuupiga mji kwa mabomu mwaka 1937, Luo hakusubiri. Wanafunzi, walimu, vitabu na mashine vilipakiwa kwenye meli na kupandishwa Mto Yangtze hadi Chongqing, na akaishawishi kampuni ya meli itenge nafasi ya mifugo. Nafasi hiyo ilitosha wachache tu, kwa hiyo akachagua wa kila aina kwa mfano wa Safina ya Nuhu, ulinganisho ambao ni wake mwenyewe. Waliobaki shambani, wakiwemo ng'ombe wa maziwa wa asili ya Uholanzi, Marekani na Australia, nguruwe, kuku na bata, aliwaacha mikononi mwa mfanyakazi wa shamba aitwaye Wang Youting, akamwambia kwamba ikimlazimu kuwaacha, awaache, na hakuna atakayemlaumu.

Wang hakuwaacha. Aliwavusha mto siku chache kabla Nanjing haijaanguka tarehe 13 Desemba 1937, akashika njia ya magharibi kupitia Anhui, pembezoni mwa Henan, hadi Hubei. Kuku walisafiri ndani ya matundu. Msafara ulikwenda chini ya kilomita kumi kwa siku, na baada ya siku moja au mbili za mwendo ulilazimika kupumzika siku tatu hadi tano. Anayefuga ng'ombe wa gredi huku kwetu anaweza kukisia taabu hiyo: mnyama aliyezoea banda na chakula cha kupimiwa hana miguu ya safari kama zebu wetu, na hapo barabara zilikuwa zimejaa watu wanaokimbia vita. Walifika Chongqing Novemba 1938, karibu mwaka mzima baadaye. Luo anasema alikutana nao njiani jioni moja, yeye akiwa garini kutoka chuoni kuelekea mjini, akamwona mtu mwenye nywele ndefu na nguo zilizochakaa akiongoza wanyama, na furaha yake ilikuwa kama ya mtu aliyekutana na jamaa.

Husimuliwa pia kwamba Zhang Boling, mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Nankai cha Tianjin, alisema kuna vyuo viwili ambavyo havikubakiza kuku wala mbwa. Kwao Nankai ni kwa sababu Wajapani walikiteketeza chuo kwa mabomu. Huko Kati ni kwa sababu hata kuku walihamishwa. Utani wa namna hiyo hutoka kwa mtu aliyepoteza kila kitu, na sidhani mwanafunzi wako atausahau.

Jinling nayo ilihama, ikapokewa na chuo kingine cha wamisionari mjini Chengdu. Vyuo vyote viwili vilirudi Nanjing mwaka 1946.

SWALI: Nikiwa Kakamega nimesikia kutoka kwa mtu aliyesoma huko kwamba kuna wakati chuo hiki hakikuwepo kabisa Nanjing. Kilikwenda wapi, na kwa nini?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Kilikwenda Yangzhou, ng'ambo ya kaskazini ya Mto Yangtze katika jimbo hilohilo la Jiangsu. Ilikuwa ndani ya Mapinduzi ya Kitamaduni, yaliyoanza 1966, wakati ambapo mitihani ya kuingia chuo kikuu ilisimamishwa nchini kote na msomi alitazamwa kama mtu wa kutiliwa shaka hadi ashike jembe. Vyuo vya kilimo viliamriwa kutoka mijini. Mwaka 1972 Chuo cha Kilimo cha Nanjing, ambacho mwaka 1963 kilikuwa kimewekwa miongoni mwa vyuo teule vya taifa, kilihamishwa na kuunganishwa na Chuo cha Kilimo cha Subei, vyote viwili vikaitwa Chuo cha Kilimo cha Jiangsu.

Wapo watakaokuambia kwamba kuwapeleka wataalamu wa kilimo karibu na mkulima lilikuwa jambo jema. Siwezi kukubali. Walimu wa Jinling walikuwa wakikaa na wakulima miaka arobaini kabla, lakini walikwenda na daftari, mizani na swali, kisha wakarudi kwenye maabara. Kuhamisha watu na kuvunja maabara si kumkaribia mkulima. Mbegu mpya ya ngano huhitaji misimu kumi au zaidi ya uchaguzi usiokatizwa, na nasaba ya mbegu ikikatika hapo katikati, huanza upya.

Mitihani ilirudishwa mwishoni mwa 1977. Watu wapatao milioni 5.7 walijitokeza, wengine wakiwa wamepita umri wa miaka 30, na waliopata nafasi hawakufika 300,000. Mwaka 1979 watu wa Nanjing walirudi mahali pao pa zamani, Weigang, chini ya Mlima wa Zambarau. Waliobaki Yangzhou waliendelea na chuo chao, ambacho mwaka 1992 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Yangzhou. Kwa hiyo hata huko utamkuta binamu.

SWALI: Mimi ni mkulima wa ngano na mahindi, Nakuru. Historia ni nzuri, lakini naomba kujua chuo hicho kimemletea mkulima kitu gani cha kushika mkononi, na kina shughuli gani hapa Njoro.
Mkulima, Nakuru

JIBU: Tuanze na ngano, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja. Katika miaka ya 1930 Jin Shanbao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kati walichagua, kutoka kwa mbegu ya Italia iitwayo Mentana, aina iliyokomaa mapema na kustahimili ugonjwa wa kutu. Waliiita Zhongda 2419, Zhongda likiwa kifupi cha Chuo Kikuu cha Kati. Jina la chuo lilipobadilishwa mwaka 1949 kuwa Chuo Kikuu cha Nanjing, kwa kifupi Nanda, ngano nayo ikabadilishiwa jina kuwa Nanda 2419. Mkulima hakujali: aliipanda hivyohivyo, na katika miaka ya 1950 ikawa miongoni mwa ngano zilizoenea zaidi katika bonde la Yangtze. Baadaye, chuo kikiwa kimerudi Nanjing, watafiti wake wakiongozwa na Liu Dajun na Chen Peidu walihamisha kipande cha kromosomu kutoka kwa jamaa mwitu wa ngano na kukiingiza katika ngano ya kulimwa, pamoja na jeni iitwayo Pm21, inayoukinga mmea dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Wazalishaji wengi wa mbegu wa Uchina wameitumia. Upo pia ukoo mrefu wa watafiti wa soya, na chuo ndiko kilipo kituo cha taifa cha kuboresha zao hilo.

Kuhusu Njoro: ushirikiano na Egerton ulianza miaka ya 1990, kwa walimu wa Nanjing kuja kufundisha na kufanya majaribio ya mboga na maua. Kufuatia makubaliano ya 2012, Taasisi ya Konfusio ya Egerton ilianzishwa pamoja na chuo hicho, ikitajwa kuwa ya kwanza ya aina yake kujikita katika kilimo, kwa hiyo anayekwenda kujifunza Kichina hapo hukutana pia na masomo ya shambani. Vyuo hivyo viwili vina vilevile maabara ya pamoja ya biolojia ya molekuli ya mazao. Mahali penyewe pamechaguliwa vizuri. Njoro, kama unavyojua kwa gharama ya dawa unazonunua, ni makao ya kutu ya shina, na kwa sababu hiyo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia huletwa katika kituo cha utafiti kilicho hapo ili zionje ukali wa ugonjwa huo.

SWALI: Nimeona Chuo Kikuu cha Nanjing, Chuo Kikuu cha Kusini-Mashariki, Chuo Kikuu cha Misitu cha Nanjing na hiki cha Kilimo, na karibu vyote vinadai 1902. Je, ni chuo kimoja chenye majina mengi?
Msomaji mwingine, Kisumu

JIBU: Ni ndugu wa baba mmoja waliogawanywa 1952, na kila mmoja ameondoka na tarehe ya kuzaliwa ya baba. Nyinyi mlio karibu na Maseno mmeona kinyume chake, kwa maana chuo kikuu cha hapo kilitokana na kuunganishwa kwa Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani. Nanjing, mirathi iligawanywa kabla ya arusi. Sayansi na fasihi zilibaki na jina la Chuo Kikuu cha Nanjing, lakini zikahamishiwa katika majengo ya Jinling, eneo la Gulou. Uhandisi ulibaki katika majengo ya Kati, na tangu 1988 unatumia lile jina la 1921, Kusini-Mashariki. Yaani aliyepewa jina hakupewa nyumba, na aliyepewa nyumba alingoja miaka 36 kupata jina lenye heshima ya zamani. Misitu na kilimo walianza upya kwa yote mawili.

Cha Kilimo leo kiko moja kwa moja chini ya Wizara ya Elimu ya Uchina, tangu 2000. Kabla ya hapo kilikuwa cha Wizara ya Kilimo. Mwaka 2017 kiliingizwa katika mpango wa taifa wa kujenga vyuo na taaluma za daraja la kwanza duniani, kwa taaluma mbili: sayansi ya mazao, na rasilimali na mazingira ya kilimo.

Jambo hili la majina lina faida kwa yule binti wa Njoro. Katika fomu za udhamini ahakikishe neno Nongye, yaani kilimo, lipo kati ya Nanjing na Daxue, yaani chuo kikuu, kwa maana pasipo neno hilo karatasi zake zitapokewa na ndugu mwingine. Na siku atakapotua Nanjing, asimwambie dereva wa teksi ampeleke Nanda, kwa kuwa hilo ni jina la mkato la Chuo Kikuu cha Nanjing na atashushwa Gulou, au mbali zaidi huko Xianlin. Aseme Nannong, jina la mkato la cha Kilimo, Weigang.